Dakika ya 90 mie huisikia njiani

Assalaam alaykum jamani. Najua nimepotea humu, simu iliingia maji halafu yakaja mambo ya nyumbani yakanishika mguu na mkono, lakini juzi barazani kuna kijana wa mjini kaja kwa shangazi yake kutembea, akanuliza hivi nyie watu wa shamba mbona mnatoka uwanjani mpira haujesha, kwani mna haraka ya nini? Wallahi nilimtazama mpaka akaona haya. Haraka ya nini! Nikamwambia wewe rudi kwenu, ntaliandika hili, utasoma kwenye simu.

Mie mkaazi wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kwa mtu wa mjini Makunduchi ni kule kwenye Mwaka Kogwa, anakuja mara moja mwezi wa 7 kuangalia watu wanavyopigana kwa migomba, anapiga picha zake, anakula wali, anarudi. Sie ndo tunabaki huku. Kutoka kwetu mpaka uwanja wa Amani, mjini, ni kilomita 60 na kitu, na gari yetu ni daladala nambari 310, na hiyo safari usidhani unakwenda umekaa vizuri, aghlabu unakwenda goti moja liko kwenye ndoo ya samaki ya mtu na mkono umeshikilia mtoto usiyemjua mamake.

Sasa kuna jambo watu wa mjini hawalijui, na hao wanaopanga saa za mechi nadhani ndo kabisa. Gari za shamba hulala shamba. Dereva wa 310 halali mjini. Anatoka Makunduchi alfajiri, watu washaswali, kapakia mama wa samaki, mgonjwa wa kwenda Mnazi Mmoja, mwanafunzi, mzee na kesi yake ya kiwanja, juu ya keria mikungu ya ndizi na magunia ya muhogo. Anazunguka mchana kutwa, jioni anarudi na abiria wa mwisho na anailaza gari huko huko kwake, manake kesho alfajiri abiria wake wako huko, hawako Darajani. Gari ya mwisho ikishatoka imetoka. Si kama 505 ya uwanja wa ndege au 502 ya Bububu, ukiikosa hii nyuma yake ipo nyengine inakupigia honi mpaka unaona kero. Sisi ukiikosa, umeikosa mpaka kesho.

Na usimlaumu dereva. Mie nishakaa na madereva sana, nawajua, yule ana tajiri wake anataka hesabu kila siku jioni, na mafuta kanunua kwa pesa yake, na utingo naye anataka chochote. Umwambie akae Amani mpaka saa tano za usiku kusubiri watu wa mpira ambao hajui watakuja wangapi? Manake watu wa mpira nao hawatabiriki, Simba ikiwa imefungwa wanatoka dakika ya 70 wamenuna, ikishinda hawatoki mpaka wazimiwe taa. Ukiwa dereva wewe utasubiri? Mie nisingesubiri.

Kwa hiyo mpira wa usiku, kwa mtu wa kwetu, ni lazima mukodi gari. Na hapo ndo tabu zinapoanza.

Niwape mfano mmoja kamili. Fainali ya Kombe la Mapinduzi, tarehe 13 Januari 2024, Jumamosi, Mlandege na Simba. Uwanja ndo umefunguliwa tena mwezi wa nyuma yake, Disemba 2023, umekarabatiwa umekuwa kitu chengine kabisa, viti kila mahala, taa utadhani mchana, nyasi unatamani ulale. Hata jina wameliongeza sasa ni New Amaan Complex ingawa sie bado tunasema Amani basi. Mjomba wangu ambaye uwanja ule anaujua toka zamani sana, wenyewe ulifunguliwa 1970 kwa msaada wa Wachina, aliingia akasimama kwenye ngazi akawa anatikisa kichwa tu. Akasema hapa nilipokaa mie palikuwa pa saruji, ukikaa mechi mbili suruali imekwisha.

Basi maskani tulichangishana, elfu 7 kila mtu kwenda na kurudi, tukapata watu 28, tukakodi. Dereva kijana mzuri tu, ana adabu, lakini aliweka sharti moja mbele ya watu wote, saa nne kamili naondosha gari, asiyekuwepo atajua mwenyewe, mie alfajiri nina abiria.

Sasa nipigieni hesabu. Mpira unaanza saa mbili na robo. Dakika 45, tia na za nyongeza, mapumziko robo saa, ushafika saa tatu na robo na ushei kipindi cha pili ndo kwanza kinaanza. Saa nne kamili mpira uko dakika ya 80 na kitu. Na gari haiko mlangoni, manake barabara za karibu na uwanja zimefungwa na askari, gari imesukumwa mbali huko, kutembea kwa mguu robo saa na zaidi ukizingatia msongamano wa pale getini. Maana yake ukitaka kuiwahi gari yako uliyoilipia, inabidi unyanyuke dakika ya 70 na kitu. Umelipa kiingilio cha dakika 90 unaangalia 70. Zile 20 unamwachia nani?

Na dakika zenyewe sasa! Mlandege washapata bao lao kipindi cha pili, moja bila, timu ya nyumbani inaongoza mbele ya Simba, Simba wanasukuma kwa hasira, uwanja mzima umesimama. Mie ni Simba, sifichi, lakini siku ile roho ilikuwa nusu kwa nusu, kuna upande unasema Simba sawazisha na kuna upande unasema yarabi hawa ni wa kwetu waache waichukue. Mjomba ni Yanga. Kwa hiyo unaweza kujua mwenyewe alikuwa na hali gani.

Nikamwambia, "Mjomba, tunyanyuke, gari itatuwacha."

Hakunijibu.

"Mjomba saa."

"Iwache iende," akasema, macho hayatoki uwanjani. "Miaka mingapi mie nimengoja kuwaona hawa wanafungwa na timu ya mtaa, leo uniondoe kwa ajili ya gari?"

"Utarudi na nini?"

"Kwa miguu."

Mzee ana goti, kwenda msikitini tu kwa mkongojo. Mwisho nilimnyanyua kwa kumdanganya kwamba simu ya dereva imeita, na wale watoto wawili wa dada yangu nimewashika mkono huku na huku, tunapita mbele ya watu wanatuguna kwamba tunawaziba, mmoja akasema hawa wa shamba bwana, watu wa kuwahi kuku bandani. Nikanyamaza.

Tuko nje upande wa Mwanakwerekwe tunatafuta gari gizani, dereva kwenye simu anasema nilihamishwa, nipo mbele ya hapo, pita duka la simu, pita msikiti, ukiona gari nyingi ndo hapo, mara nyuma yetu tukasikia uwanja umelipuka. Ile sauti ukiisikia nje haifanani na ya ndani, ni kama bahari. Mjomba akasimama katikati ya barabara. Hajui kama ni bao limesawazishwa au ni kipyenga. Alimshika mtu wa bodaboda anapita, vipi? Yule akasema kwisha, Mlandege bingwa. Mara ya pili mfululizo, manake mwaka wa 2023 pia walichukua. Mjomba alicheka peke yake pale njiani mpaka watoto wakaanza kucheka naye, halafu akanigeukia hacheki tena akasema, "Nimenyimwa kombe langu."

Na mjue gari iliondoka saa ngapi. Saa tano kasorobo! Manake vijana wanne wenye akili kuliko sisi walikaa mpaka kombe likanyanyuliwa, wakaja wanaimba, na dereva aliyeapa saa nne akawasubiri kwa sababu mmoja wao ndo aliyekuwa na pesa ya nusu ya pili ya kukodi. Mjomba mpaka leo akinikasirikia kwa jambo jengine lolote, hata la kuchelewesha chumvi, hiyo saa tano kasorobo inaingia humo humo.

Baada ya hapo nikasema mie na gari za kukodi basi. Ntakwenda na vespa yangu. Mtu na vespa yake nani atamharakisha?

Nikapata mechi ya kuijaribia, na mechi yenyewe ndo ile ya 25 Mei 2025, Simba na RS Berkane wa Moroko, fainali ya Kombe la Shirikisho, marudiano. Mtakumbuka ilikuwa ichezwe Mkapa kule Dar, uwanja wa watu 60,000, CAF, wakubwa wa mpira wa Afrika, wakaihamisha ikaletwa kwetu kwenye uwanja wa watu kama 15,000. Sasa chukua watu waliotaka kujaza 60,000, wapakie kwenye boti, walete kisiwani, watie kwenye mtaa wa Amani wenye barabara ile ile na vichochoro vile vile. Mie nilitoka Makunduchi saa tatu za asubuhi kwa mechi ya saa kumi jioni. Watu wakanicheka. Nimefika saa tano, na tayari upande wa Sebleni hakuna pa kuchomeka hata baiskeli.

Mapakingi ya uwanja wenyewe yapo, sisemi hayapo, lakini yana watu wake wenye karatasi kwenye kioo, wewe na vespa yako unapungiwa mkono zunguka huko. Nikazunguka huko. Huko nikakuta vijana wa mtaani wamejiajiri, wamevaa vijaketi vya njano sijui wamevipata wapi, mmoja ana filimbi. "Bro weka hapa, elfu 2, inalindwa." Nikamuuliza inalindwa mpaka saa ngapi? Akasema mpaka mwenyewe utakapokuja, sisi hatulali. Nikampa. Nikaiweka vespa ukutani kwa nyumba moja, nikaifunga, nikaipiga picha kama ushahidi.

Mpira wenyewe sitaki kuuhadithia sana, unauma. Tulikuwa tumefungwa 2 kule kwao, tukapata moja mapema, uwanja ukawa unataka kuruka, halafu tukapewa kadi nyekundu, halafu lile bao la pili likakataliwa na VAR, wale marefa wa video, pale ndo nilipoona mtu mzima ana ndevu analia amekumbatia nguzo. Lakini nilikuwa na raha moja peke yangu moyoni, kwamba leo sina gari ya kuiwahi. Dakika ya 75 wale wa kukodi wakaanza kunyanyuka, Nungwi hao, Jambiani hao, watu wetu wa Makunduchi wakanipungia mkono, nami nikawapungia, nimekaa kama bwana harusi. Nikasema leo dakika ya 90 ntaiona kwa macho yangu.

Nikaiona. Berkane wakasawazisha ndani ya dakika za nyongeza. Moja moja, kombe likaenda Moroko. Mara moja tu katika maisha yangu nimekaa mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ndo ule. Wenzangu waliotoka mapema walifika Tunguu wanajua tumeshinda moja bila, wameridhika nusu, wananisikitikia mie kwenye simu.

Haya, nikatoka kwenda kuchukua vespa. Kijaketi cha njano hakipo. Filimbi haipo. Vespa ipo, alhamdulillahi, lakini iko ukutani na mbele yake kuna Noah, na nyuma ya Noah kuna IST imepaki kwa mapana, na pembeni kuna pikipiki kama 10 zimelaliana. Nilijaribu kuinyanyua kwa mkono, mie na jamaa mmoja tu msamaria, tukaisogeza hatua mbili ikanasa kwenye bampa la Noah. Nikasema hapana, nisije nikalipa Noah la watu. Nikaanza kuulizia mwenye gari. Mwenye IST nani? Hakuna anayemjua. Kuna aliyesema wa Dar, kaazimwa gari na shemeji yake. Kuna aliyesema huyo yuko Darajani anakula urojo.

Magharibi ikaadhiniwa, nikaenda nikaswali nikarudi, Noah liko pale. Nikakaa kwenye kibaraza cha bi mkubwa mmoja anakaanga kachori nje ya nyumba yake, nikanunua za elfu moja na juisi ya ukwaju. Nikamlalamikia. Nikamwambia mama, hawa watu hawana adabu, mtu unapaki gari kwa mapana njiani kama kiwanja chako? Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akanuliza kwa upole, "Na hiyo vespa, mwanangu, umeiweka kwenye ukuta wa nani?"

Nikanyamaza. Ukuta wake.

Akasema yeye halalamiki, siku za mpira anauza kachori mara tatu ya siku nyengine, lakini kuna siku, mechi ya usiku, jirani yake alishikwa na uchungu na gari haikuweza kuingia wala kutoka pale kichochoroni, zimejaa gari za watu wasiojuulikana, wakambeba kwa kiti mpaka barabara kubwa wanawake watupu na mume wake. Alijifungua salama, akasema, huko huko hospitali, lakini tuliingia na mchanga mpaka magotini. "Nyinyi mnakuja mkaondoka. Sie tunakaa hapa." Sikuwa na la kujibu. Nikanunua kachori nyengine.

Mwenye IST alikuja imeshapita Isha. Anatafuna muwa. Akasema, "Samahani kaka, nilijua nitawahi." Kuwahi nini, sikumuuliza. Nikawasha vespa nikaianza njia yangu, na anayeijua njia ile usiku anajua, ukishapita Tunguu ni giza, Bungi giza, ukifika Jozani kuna matuta waliyowekewa kima punju wasigongwe na magari, nami sina tatizo na kima, kima wamelala saa zile, lakini tuta lile kwa vespa yenye taa kama mshumaa unaliona ukiwa ushalipanda. Nimefika nyumbani saa nne na ushei, mgongo umekufa. Mke wangu akauliza vipi, nikamwambia moja moja. Akasema ile ya kwanza nimeisikia kwa jirani, ya pili ya nani?

CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka huo huo Agosti nilikwenda mara moja tu, siku ya Sudan na Nigeria, na nilikwenda na 310 kwa makusudi nikijua ntarudi na bodaboda mpaka Mwanakwerekwe na huko Mungu ataleta. Nilitoka mapema mno, Mungu akaleta gari ya muhogo inarudi tupu, nikakaa nyuma. Nimefika Kitogani nikaambiwa Sudan kapiga 4. Nne! Ile mechi watu waliokaa mpaka leo wanaihadithia, na mie nilikuwa kwenye maganda ya muhogo.

Msidhani ni Unguja peke yake. Nina shemeji yangu Wete, Pemba, Januari 2025 lile Kombe la Mapinduzi lilipopelekwa uwanja wa Gombani kule Chake likachezwa na timu za taifa, alinitumia sauti za WhatsApp kila siku utadhani mtangazaji. Fainali ya tarehe 13 Zanzibar Heroes kawafunga Burkina Faso 2 kwa 1, Chake nzima haikulala. Lakini alivyonihadithia ni kwamba kutoka Chake kurudi Wete usiku ule walikuwa juu ya kenta, wamesimama, wameshikana viuno kama treni, na wa Konde na Micheweni ndo zaidi kwa sababu wao wakifika Wete safari bado. Wenye gari ndogo waliziwacha mbali huko, mtu kapanda kile kilima cha Gombani kwa mguu na kuteremka kwa mguu. Ila akasema kwa Pemba watu walivumilia kwa furaha, kombe limekuja kwao na limebaki nyumbani, nani atanuna kwa kenta? Nakubali. Furaha hubeba watu. Ngoja lakini ikija mechi ya moja moja.

Mie fainali ile niliangalia kwa TV maskani, boti ya Pemba na gari ya Mkoani mpaka Chake na kulala, sikuwa na pesa hizo. Na ndo fainali pekee niliyoiona mwanzo mpaka mwisho nimekaa kitako na kahawa mkononi. Sasa niambieni, uwanja mzuri vile wa nini kama raha yake tunaipatia kwenye TV?

Kuna jambo jengine watu hawalisemi. Binti wa ami yangu anapenda mpira kuliko wengi wetu, anawajua wachezaji wa Mlandege na wa KMKM mmoja mmoja, na hajawahi kuingia Amani usiku hata mara moja. Mamake hamkatazi mpira. Anamkataza kurudi. Anasema niambie utarudi na gari gani na saa ngapi na nani yumo, ukinijibu nenda. Hajawahi kuweza kujibu, na mie pia nikiulizwa hayo siwezi kujibu, ila mie siulizwi.

Wenye mamlaka najua hamunisomi lakini nasema. Mechi za wikiendi wekeni saa kumi jioni, jua la saa kumi tumelizoea, babu zetu walicheza kwenye jua hilo. Najua mtasema televisheni inataka usiku, na watu wa mjini wakitoka kazini ndo wanapata nafasi, sawa, basi kama lazima iwe usiku tuwekeeni gari. Siyo ya bure, hakuna aliyetaka ya bure. Tiketi si tunakata kwa kadi siku hizi, unagongesha getini unaingia? Basi mtu anapokata tiketi aulizwe anarudi wapi, Makunduchi, Nungwi, Mkokotoni, Chwaka, alipie na nauli hapo hapo. Mechi haijaanza mnajua wa kusini ni watu 84, maana yake gari tatu, dereva anajua pesa yake ipo, tajiri anajua hesabu ipo, gari zinawekwa sehemu moja inayojuulikana na haihamishwi na askari kila nusu saa. Dereva atakubali kulala saa saba kama analala na pesa. Mbona harusi tunazipanga hivyo hivyo, watu wa bwana harusi gari mbili, watu wa bibi harusi gari tatu, na hatuna kompyuta?

Na za vespa tengenezeni kijisehemu, jamani. Vespa ngapi zinaingia kwenye nafasi ya Prado moja? Mie nimezihesabu siku ile nikiwa kwenye kibaraza sina kazi, 6.

Basi. Mechi inayokuja ya usiku washaanza kuandikishana kwenye grupu la maskani, imepanda sasa ni elfu 10, mafuta wanasema. Mpaka naandika hapa waliolipa ni 9 na gari inataka 28, kwa hiyo kama uko Makunduchi, Muyuni, mpaka hapo Kitogani, mtafute yule yule anayekusanyaga pesa, unamjua. Mjomba kalipa wa mwanzo kabisa, kabla yangu. Halafu katuma sauti kwenye grupu, dakika nzima anakohoa tu, mwisho akasema yeye amelipa elfu 10 taslimu na hanyanyuki mpaka kipyenga cha mwisho, na kombe likiwepo mpaka linyanyuliwe, na dereva aambiwe hivyo mapema mbele ya watu.

Dereva kaisikia, zile tiki mbili zimekuwa za buluu. Hajajibu.